Lindo la Majivu

Mjomba wangu ni mlinzi wa ghala tangu kabla sijazaliwa, na kwa maoni yake binadamu wamegawanyika mafungu mawili: walioiba, na ambao bado hawajapata nafasi. Mimi ananiweka fungu la pili, na hapo kanipendelea kwa sababu ya undugu. Mama yangu, ambaye ni mdogo wake wa mwisho, huwa anamwambia, "Kaka, siku ukifika mbinguni utampekua malaika mifuko." Mjomba hacheki. Anauliza malaika mwenyewe atakuwa amebeba nini.

Sasa mtu wa namna hiyo mchukue, uchome nyumba yake, halafu umletee wageni wa kumuuliza maswali. Ndiyo habari yenyewe.

Moto ulishuka kutoka kilimani mchana kweupe. Kiangazi kilikuwa kimekausha nyasi zikawa kama karatasi, na watu walipoona moshi kule juu walidhani ni mkulima anasafisha shamba. Upepo ulipogeuka, hakuna aliyedhani tena. Tulitoka na nguo za mwilini, simu yangu, na kifuniko cha sufuria ambacho Mama hadi leo hajui alikishikia nini, maana sufuria yenyewe aliiacha. Cherehani zake mbili za kukanyaga kwa mguu zilibaki ndani. Hakuna mtu anayekimbia moto na cherehani mgongoni.

Mama ni fundi, na mtaani hana jina zaidi ya hilo. Anashona sare za shule ya msingi, na shule hiyohiyo ndiyo iliyotuhifadhi. Tulipewa darasa la pili, tukawa tunalala chini ya picha ya ng'ombe yenye mishale inayoonyesha pembe, kwato na mkia, endapo mtu atasahau usiku. Mwalimu mkuu alikuwa na huruma, lakini hakuzunguka mbuyu. Alimwita Mama ofisini, akamwonyesha majora ya vitambaa yamepangwa hadi dirishani, akamweleza kwamba nusu ya watoto sare zao zimeungua na shule ikifunguliwa lazima wavae. Kama Mama hatakuwa na cherehani kufikia wiki ya mwisho ya likizo, kazi ataichukua fundi wa mjini. Na fundi wa mjini akishaingia mahali hatoki, kama maji kwenye sikio. Mama alirudi darasani akakaa kwenye dawati dogo la watoto, magoti yakamfika kidevuni, akasema maneno mawili tu: "Sina mashine."

Nyumba iliungua yote isipokuwa geti. Uzio ulikuwa wa mabanzi, ukaliwa kama biskuti. Geti la chuma likabaki limesimama peke yake na nguzo zake mbili, kufuli mahali pake. Mjomba ana funguo. Asubuhi anafungua, anaingia, anafunga nyuma yake, anakaa juu ya ndoo. Kulia na kushoto pako wazi hata lori linapita, lakini ole wako upite hapo. Mbuzi wa jirani walipita, akawarudisha.

Naye hakuanza hivyo bure. Siku za mwanzo alikuja jamaa mmoja amevaa koti la kung'aa na kitambulisho kifuani, akatangaza kwamba mabati yaliyonusurika yanatakiwa yakapimwe kama bado yana nguvu, yatarudishwa kesho yake. Mtaa mzima ukamsaidia kupakia. Mimi mwenyewe nilishika upande mzito, na nikamwambia dereva arudi nyuma taratibu asigonge nguzo. Mpaka leo mabati yanapimwa. Jamaa tulimpa jina Bwana Kipimo. Mjomba alikuwa kazini siku hiyo, aliporudi hakugomba. Aliniuliza tu viatu vya mtu huyo vilikuwaje. Nikasema vilikuwa visafi.

"Basi," akasema. "Palipoungua, mwenye viatu visafi hajaja kusaidia."

Akaomba ruhusa kwa tajiri wake, akaanza lindo la majivu. Na kwa vile wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wameanza kupita na mikokoteni yao, wakichungulia, mabaki ya cherehani za Mama nayo yakatoweka asubuhi moja. Vichwa, miguu ya chuma, kila kitu. Mama alishtuka, Mjomba akamtuliza kwamba ameviweka vinapostahili. Wapi? Akajibu kwamba jambo likijulikana na wawili si siri tena, ni tangazo.

Kituo cha msaada kilifunguliwa kwenye ukumbi wa mikutano. Humo kulikuwa na meza ya chakula, meza ya vitambulisho, meza ya matibabu, na meza moja pembeni yenye foleni fupi kwa sababu hakuna aliyejua ni ya nini. Mimi nikiona foleni fupi nashuku, lakini Mama aliingia. Kumbe ni meza ya kazi. Mtu aliyepoteza zana zake, iwe randa, cherehani au mashine ya kunyolea, anapewa nyingine, ila kwanza afisa aje aone palipoungua, na awasikie watu wa nyumba hiyo wakisema jambo lilelile. Mama alitoka pale anatembea kama aliyetuliwa mzigo. Kesho yake ilikuwa zamu yake ya kufuata kitambulisho kipya, kwa hiyo alituachia maagizo: akija mtu wa meza ya kazi, mpokeeni vizuri. Mimi nikaitikia. Mjomba akatikisa kichwa kwa namna yake ya kazini, ambayo maana yake ni kwamba amesikia, hajakubali.

Afisa akaja. Msichana, labda ananizidi miaka kidogo, na tableti kifuani na mabuti ya mpira miguuni. Mabuti meusi, yameoshwa yakaoshwa tena. Mjomba aliyatazama. Halafu akanitazama mimi.

Dada wa mabuti alisimama nje ya geti akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba ya kubana, na akaachwa hapohapo. Akaonyesha kitambulisho cha kazi. Mjomba alikipokea kupitia nafasi ya vyuma, akakigeuza, akakikwaruza kwa kucha, akakirudisha akisema Bwana Kipimo alikuwa nacho pia, tena kikubwa zaidi. Kisha akafungua kufuli, akamwingiza, akafunga. Dada yule aliangalia kulia palipo wazi, akaangalia kushoto palipo wazi, akameza cheko lake. Hapo nikampenda kidogo.

Lakini maswali yake, jamani. Nyumba ilikuwa na vyumba vingapi? Mlango wa nyuma ulikuwepo? Nani alikuwa akilala wapi? Vitu gani vya thamani vilikuwa ndani, na vilikaa upande gani? Hata mimi, ambaye sikusomea ulinzi, masikio yalinisimama. Mwizi akishajibiwa hayo anachohitaji ni gunia tu.

"Chumba kimoja," Mjomba akasema. "Kidogo."

"Na vitu?"

"Hatukuwa na kitu."

"Cherehani?"

"Ya nani?"

"Nimeambiwa hapa anaishi fundi."

"Watu wanaongea sana. Dada yangu anashona kwa mkono," Mjomba akasema, akatafuta hewani cha kuongeza. "Vifungo."

Nilifungua mdomo. Kiatu cha Mjomba, ambacho ni cha kazi na kina chuma mbele, kikatua juu ya vidole vyangu na kukaa hapo kama kimelipia pango. Dada wa mabuti akanigeukia akauliza na mimi nasemaje. Kwa maumivu niliyokuwa nayo nikasema mkubwa wa nyumba ndiye huyo. Akaandika. Akapiga picha majivu, akapiga picha geti, akashukuru, akasubiri afunguliwe kufuli.

Dada alipotokomea, Mjomba akaukunja uso, na kwake hiyo ndiyo furaha. "Umeona? Amekuja mikono mitupu, ameondoka mikono mitupu. Ndiyo kazi hiyo."

Mama alirudi jioni na kitambulisho chake kipya, ambacho picha yake inafanana na mtu anayedaiwa. Nikamsimulia yote, vidole vikiwa ndani ya beseni la maji. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Alitoka mpaka getini, nami nikichechemea nyuma yake, akasubiri afunguliwe kama mtu mwingine yeyote.

"Kaka, umesema nashona kwa mkono?"

"Nilikuwa nakuficha."

"Vifungo?"

"Ndilo neno lililokuja."

Mama alicheka, cheko fupi lisilo na meno. "Mficha uchi hazai, kaka. Wewe umenificha mpaka nimepotea."

Mjomba alijitetea kwamba bado hatujui msichana ni nani. Nikamwambia picha yake nimeiona imebandikwa ukutani ukumbini, pamoja na maafisa wenzake. Akasema kubandika picha si kazi, hata wezi wana gundi.

Asubuhi mimi na Mama tukaenda ukumbini. Dada wa mabuti alikuwa kwenye meza ya kazi, na alipotuona alitufungulia ukurasa wetu kabla hatujakaa. Mama alieleza kwa utulivu kwamba kulikuwa na cherehani mbili, kwamba kaka yake ni mlinzi, kwamba aliogopa. Nikaona uso wa yule dada unafunga taratibu, kama duka saa ya kufunga. Niliujua uso huo. Niliuacha nyumbani umekaa juu ya ndoo.

"Jana hamkuwa na hata moja," akasema. "Leo mbili. Kesho zitazaa?"

Akatueleza, bila ukali, kwamba mtaa wetu ukiufuata kwa madai yaliyoandikwa una cherehani nyingi kuliko watu. Kwamba kuna bwana amedai mashine ya kusaga nafaka ndani ya nyumba ambayo, alipoikagua, ilikuwa banda la kuku, na kuku wenyewe walikuwa wanamtazama. Kila anachompa asiyepoteza anamnyang'anya aliyepoteza. "Siwaiti waongo, mama. Lakini kuna mtu wa nyumba yenu amenidanganya, ama jana au leo, na mimi sijui ni yupi."

Nikajaribu mzaha. Nilimwambia ukoo wetu hudanganya kwa zamu. Mama alinikanyaga vidole vilevile.

Yule dada akasema mambo mawili. Kwamba kesho anamaliza mtaa wetu na kuhamia upande wa pili wa kilima, na hatarudi. Na kwamba maelezo hayawezi kubadilishwa na mtu mwingine: aliyesema hapana ndiye aje aseme ndiyo, kwa mdomo wake, mahali penyewe, na aonyeshe kitu.

Njia nzima Mama alitembea mbele. Nami nilikuwa nahesabu kichwani nafasi tuliyo nayo ya kumfanya Mjomba akiri mbele ya mgeni kwamba alisema uongo, nikawa nasikia vizuri tu sauti ya cherehani ya fundi wa mjini.

Tulimkuta palepale. Mama akaingia, akasimama mbele yake, akamweleza la kesho. Mjomba alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema alivyofundishwa siku ya kwanza ya kazi na ambavyo amewafundisha wengine wote: ukimwambia mgeni kilichomo ndani, umemkabidhi nusu ya ufunguo.

"Kilichomo wapi?" Mama akauliza.

Mjomba akaendelea kutazama barabara.

"Kaka. Geuka uangalie. Kilichomo wapi?"

Hakugeuka. Na hapo ndipo nilipoliona jambo ambalo lilikuwa mbele yangu muda wote. Tangu moto uzimike Mjomba alikuwa amekaa akitazama barabara, nyumba kaipa mgongo. Nilidhani ni ulinzi. Walinzi ndivyo wanavyokaa. Lakini hata kula alikula akitazama barabara, hata kutembea kwenda kukojoa alizunguka kwa nje, hata vyuma vya Mama alivitoa kabla hakujapambazuka. Mtu huyu hakuwa ameitazama nyumba yake hata kidogo.

Mama naye nadhani aliliona, kwa sababu sauti yake ilishuka. Akamwambia kwamba hamlazimishi. Kwamba yeye atalala, na kesho mgeni akija, kaka aseme atakaloona linafaa. Akaondoka. Mimi nikabaki kidogo nikitafuta utani wa kuacha hapo, nikakosa, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Kesho yake dada wa mabuti alikuja kama alivyosema, na nyuma yake majirani watatu wanne waliojifanya wanapita. Mjomba hakuwepo juu ya ndoo. Mama akafunga kanga yake upya, akafungua mdomo kuomba radhi, na ndipo tukasikia mlio wa gurudumu lisilo na mafuta. Mjomba alikuwa anakuja kutoka upande wa shule na toroli, jasho linamtoka, na harufu iliyomtangulia ilifanya jirani mmoja aache kujifanya anapita na kupita kweli. Kumbe vyuma alivifukia kwenye shimo la takataka la shule, pale ambapo hata mwizi hupita ameziba pua.

Alitua toroli. Akaivua kofia yake ya kazi.

"Juzi nilikudanganya," akamwambia.

Yule dada hakurahisisha. "Kwa nini nikuamini leo?"

"Usiniamini. Niulize, halafu ukague."

Akauliza yaleyale. Vyumba vingapi? Na Mjomba akageuka. Aligeuka polepole kama mwenye shingo mbovu, akaitazama nyumba, akaanza kujibu. Vitatu na sebule. Hapa ndipo ulipokuwa mlango wa mbele, na kitasa chake kilikuwa kibovu; ukikinyanyua juu kidogo kinafunguka bila ufunguo. Ufunguo wa akiba ulikaa ndani ya kopo la rangi, huku. Mlango wa nyuma ulikuwa na komeo moja la kweli, la juu; la chini lilikuwa la kutishia tu. Dirisha la chumba cha dada yake halikuwahi kufunga sawasawa, ukilisukuma kwa kidole linaachia.

"Kumbe ulijua?" Mama akasema. "Miaka yote hiyo nakwambia, unasema zima kabisa."

"Nililijua. Ndiyo maana nikiwa zamu ya mapumziko nililala chini yake, nje. Nilikuwa nakwambia ndani kuna joto."

Mama akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. Mjomba hakusimama. Alikuwa anatembea sasa, mabega yakikwepa kuta zisizokuwepo, anapita milangoni kweli, anasema kila kitu ambacho mlinzi hasemi: redio ilikaa hapa, blanketi nzuri ziko kwenye sanduku hili, vyeti vya mtoto, yaani mimi, chini ya godoro upande wa ukutani. Alikuwa anampa mgeni nyumba nzima, ufunguo kwa ufunguo, mbele ya majirani. Nilitaka kumwambia avute pumzi. Sauti yake ilikuwa imeanza kupasuka mahali pale aliposema godoro.

"Cherehani?" yule dada akauliza, kwa upole zaidi kuliko mwanzo, lakini akauliza.

"Ya kwanza hapa, chini ya dirisha. Miguu yake ilichimba sakafu. Dada aliniomba nizibe kwa saruji, sikuziba." Akainama, akafagia majivu kwa kofia yake. Sakafu ikaonekana, na ndani yake vishimo vinne vidogo, laini kama vimelambwa.

Yule dada alipiga magoti. Akatia kidole kwenye kimoja, kisha kingine. Akasema tulete miguu ya chuma. Mimi na Mjomba tukainyanyua kutoka kwenye toroli, inanuka maganda na mambo mengine, tukaitua taratibu. Ikaingia. Ikakaa pale kama ng'ombe aliyerudi kwenye zizi lake. Mama alisogea bila kuambiwa, akaweka mguu wake mahali pa kukanyagia, na kwa kuwa palikuwa pamejikunja kwa moto, hapakushuka. Akauondoa.

Ya pili ilikuwa shida. Jiwe la ukuta liliiangukia, miguu ikavunjika vipande, na sakafu ya upande ule ilikuwa imepasuka haionyeshi kitu. Mjomba alieleza, akaonyesha vipande, akajaribu hata kuviunganisha kwa mikono. Dada wa mabuti alivikagua kimoja kimoja.

"Hii moja nimeiona," akasema. "Ile nimeisikia. Mimi naandika ninachokiona."

Nilisubiri Mjomba alipuke. Badala yake alimtazama yule msichana kwa namna ambayo sijawahi kumwona akimtazama mtu yeyote, hata mchungaji, hata mama yake mzazi. Msichana alipokwisha kuondoka, Mjomba akanisogelea akaniambia kwa sauti ya chini kwamba huyu angefaa getini.

Cherehani ilifika wiki ileile ya mwisho ya likizo, moja, mpya, meza yake bado inanuka vanishi. Iliwekwa kwenye baraza ya darasa la pili, na mwalimu mkuu mwenyewe akaja ameshika jora la kwanza, nyuma yake mtunza bustani amebeba mengine. Mama alikaa, akazungusha gurudumu kwa kiganja, akasikiliza, akasema ni nzito bado, haijamzoea. Mjomba aliizunguka mara mbili. Akauliza kwa nini kichupa cha mafuta hakijajaa. Akauliza dereva aliyeileta alipitia wapi, mbona amekawia, na kama ile nyingine haikuandikwa kweli au iliandikwa ikashushwa njiani.

"Kaka," Mama akasema, bila kuinua macho, "shika kitambaa."

Akasema anashika, lakini yule dereva—

"Shika huku. Mikono miwili. Vuta."

Akavuta.